Kikulacho Hakikuwa Nguoni

Mwaka juzi kaka yangu alikwenda kupima macho ili apate miwani ya kusomea. Alirudi bila miwani. Daktari alimtia matone ya kupanua mboni, akamulika ndani kwa taa yake, kisha akanyamaza kwa muda ambao kaka alisema ulitosha kuchemsha chai. Alipomaliza alimchorea kwenye karatasi: duara kubwa, duara dogo ndani yake, na kutoka kwenye lile dogo mistari iliyokwenda kila upande kama nyufa za udongo wa mbuga wakati wa kiangazi.

"Hii iko nyuma ya macho yako," akamwambia. "Yote mawili."

Kaka ana selimundu. Nyumbani tumeuzoea ugonjwa huo kama familia nyingine zinavyomzoea mgeni asiyeaga. Tulijua maumivu ya mifupa, tulijua kulazwa usiku, tulijua kuongezewa damu. Habari ya macho hatukuijua. Daktari alimweleza kuwa mistari ile huonekana kwa baadhi ya wenye selimundu wakishakuwa watu wazima, na huonekana pia kwa watu wenye ugonjwa mwingine, wa nadra, ambao jina lake kaka alishindwa kulitamka. Aliandikiwa nyuma ya ile karatasi. Aliponipigia simu jioni alinisomea herufi moja moja, kisha akasema, "Wewe ndiye msomi, mdogo wangu. Nitafutie."

Jina lenyewe ni pseudoxanthoma elasticum, kwa kifupi PXE. Nilikuwa nimeanza shahada ya uzamili katika biokemia, nikadhani kazi hiyo itanichukua jioni moja. Imenichukua mwaka na zaidi. Nilichokikuta ni hadithi ya ugonjwa uliotafutwa mahali pasipo pake kwa zaidi ya miaka mia moja, na madaktari hodari, kwa sababu ulijionyesha pale walipokuwa wakitazama.

*

Hadithi inaanzia Ufaransa. Mwaka 1881 daktari aitwaye Rigal alieleza mgonjwa mwenye vipele vya rangi ya manjano kwenye ngozi iliyolegea. Siku zile vipele vya manjano vilikuwa na jina tayari: zantoma, yaani uvimbe mdogo wa mafuta chini ya ngozi. Rigal akauweka ugonjwa wake katika kundi hilo. Félix Balzer aliandika juu ya mgonjwa mwingine mwaka 1884, naye akabaki humo humo. Mwaka 1889 Anatole Chauffard alieleza mgonjwa mwenye ngozi ya namna ile ile ambaye pia alikuwa akitokwa na damu tumboni mara kwa mara.

Miaka saba baadaye Jean Darier alichukua kinyama cha ngozi ya mgonjwa huyo huyo wa Chauffard na kukiweka chini ya hadubini. Hakuona mafuta. Aliona nyuzi nyumbufu, zile zinazoifanya ngozi ivutike na kurudi, zimevimba na kukatikakatika. Basi akaupa ugonjwa jina jipya mwaka 1896. Ukilifungua jina hilo kwa Kiswahili utapata kitu kama "manjano ya uongo ya nyuzi nyumbufu". Ni jina la mtu aliyesahihisha kosa la wenzake, lakini lilileta kosa lake. Liliufunga ugonjwa kwenye ngozi. Damu iliyokuwa ikitoka tumboni mwa mgonjwa ilibaki pembeni.

Wakati huo, upande wa pili wa bahari, watu wa macho walikuwa na hadithi yao. Mwaka 1889 Robert Doyne, daktari wa macho wa Oxford, alieleza mistari isiyo ya kawaida nyuma ya jicho, akaamini kuwa imetokana na kupigwa. Mwaka 1892 Hermann Knapp wa New York aliipa mistari hiyo jina la kuifananisha na mishipa ya damu, ingawa si mishipa. Ni nyufa katika utando mwembamba sana ulio chini ya retina, utando wenye nyuzi nyumbufu kama ngozi.

Madaktari wa ngozi walisoma majarida ya ngozi, wa macho wakasoma ya macho. Hali ikaendelea hivyo hadi mwaka 1929, Stockholm, ambako daktari wa macho aitwaye Ester Grönblad na daktari wa ngozi aitwaye James Strandberg waligundua kuwa wanatazama ugonjwa mmoja. Kati ya kipele cha Rigal na siku hiyo ilipita miaka 48.

Niliposoma hilo nilicheka peke yangu maktaba, kisha nikaacha. Nilikumbuka kadi za kaka. Ana kadi ya kliniki ya damu, ana kadi ya mifupa, na sasa ana ya macho. Mwenye kuzibeba kutoka mlango hadi mlango ni yeye.

*

Kitu kilichovimbisha zile nyuzi ni nini? Mwaka 1937 watafiti wawili wa Marekani, Finnerud na Nomland, walithibitisha kuwa ni kalsiamu. Nyuzi zilikuwa zimeshika madini, kama kamba ya mtego iliyokaa baharini ikaota magamba. Hilo lilieleza mengi kwa pamoja: ngozi inayolegea, utando wa jicho unaopasuka, kuta za mishipa ya damu zinazokuwa ngumu na wakati mwingine kuvuja. Lakini lilizaa swali gumu kuliko lile la kwanza. Kalsiamu inafanya nini pale?

Ukitaka kulielewa swali hili, ligeuze. Damu ya kila mmoja wetu ina kalsiamu na fosfeti, na kwa hesabu za kemia zipo za kutosha kushikana na kuganda kuwa mawe. Mifupa na meno ndivyo vinavyojengwa. Basi cha kushangaza ni kwamba sehemu nyingine zote za mwili hubaki laini. Kwa nini sote hatugeuki kuwa matumbawe?

Jibu la kwanza lenye uzito lilitoka kwa Herbert Fleisch, daktari wa Uswisi. Mwaka 1961, akifanya kazi na William Neuman huko Rochester, Marekani, alionyesha kuwa plazma, yaani yale majimaji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake, ina kitu kinachozuia madini yasigande. Mwaka uliofuata yeye na Sylvia Bisaz walikitenga kitu hicho kutoka kwenye mkojo. Kilikuwa ni pirofosfeti: fosfeti mbili zilizoshikana, molekuli ndogo sana, ambayo wanakemia waliizoea kama takataka inayobaki baada ya shughuli nyingine za seli.

Aliyewahi kuchemshia maji ya kisima cha pwani anajua birika linavyofanya utando mweupe ndani. Viwandani, tatizo hilo lilikwisha kupatiwa dawa kabla ya Fleisch: kiasi kidogo tu cha fosfeti zilizoshikana kilitiwa kwenye maji, na chokaa haikushika mabomba. Fleisch alionyesha kuwa mwili una dawa ya jamii hiyo hiyo. Hujiwekea kizuizi katika damu yake, kwa vipimo vidogo mno, kila siku, bila mwenyewe kujua.

Mwaka 1971 Graham Russell na wenzake, Fleisch akiwemo, walichapisha vipimo vya pirofosfeti katika plazma ya watu wazima wenye afya na ya wagonjwa wa mifupa. Humo waliandika jambo ambalo nitalirudia baadaye, kwa sababu nililijifunza kwa aibu: seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, ilikuwa na pirofosfeti nyingi kuliko plazma.

Kwa hiyo kizuizi kilijulikana na njia ya kukipima ilikuwepo. Bado miaka 42 ilipita kati ya makala ile na siku pirofosfeti ilipotajwa kuwa ndiyo inayopungua katika damu ya wenye PXE. Macho yalikuwa bado kwenye ngozi.

*

Mlango ulifunguliwa na watu wasiokuwa madaktari.

Mwishoni mwa mwaka 1994, siku chache kabla ya Krismasi, watoto wawili wa Sharon na Patrick Terry, huko Marekani, waligunduliwa kuwa na PXE. Sharon aliwahi kuwa mhudumu wa kiroho chuoni. Patrick alikuwa mtu wa kazi za ujenzi. Sharon amesimulia hadharani jinsi watafiti walivyokuja kutoa damu ya watoto, na siku chache baadaye wakaja wengine, wa taasisi nyingine, wakitaka damu ile ile. Alipouliza kwa nini wasichukue kwa wenzao, aligundua kuwa makundi hayo yanashindana na hayagawani. Watoto wachomwe tena, basi.

Mimi natoa damu za watu kila wiki. Niliposoma habari hiyo nilikaa nayo siku mbili. Sisi wa maabara tuna neno zuri, sampuli, na neno hilo likishatamkwa mtoto aliyelia hayupo tena chumbani.

Akina Terry hawakukasirika tu. Mwaka 1995 walianzisha shirika, PXE International, wakakusanya damu na tishu za wagonjwa kutoka nchi nyingi na kuziweka mahali pamoja, chini ya masharti ya wagonjwa wenyewe: atakayetaka kuzitumia atagawana matokeo. Usiku waliazima meza katika maabara na kujifunza kutafuta jeni. Mwaka 2000 jeni lilipatikana, na makundi kadhaa ya watafiti yaliyatangaza matokeo yao karibu kwa wakati mmoja. Jeni hilo linaitwa ABCC6, liko kwenye kromosomu ya 16, na Sharon Terry ni mmoja wa waliotajwa kisheria kama wagunduzi wake. Mtu hupata ugonjwa akirithi nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine kwa mama. Hapa Afrika, badiliko moja la jeni hilo limekutwa katika familia nyingi za Makaburu wa Afrika Kusini, wote wakilirithi kutoka kwa mhenga mmoja wa zamani.

Watafiti wengi walitarajia jeni linalotengeneza nyuzi nyumbufu. Hawakulipata hilo. Jeni la ABCC6 hutengeneza mlango kwenye ukuta wa seli, mlango wa kutolea vitu nje. Na mlango huo haumo kwa wingi kwenye ngozi, wala kwenye jicho, wala kwenye mishipa mikubwa. Umejaa kwenye ini.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa miaka 119 madaktari walizipekua nguo.

*

Waliosadiki walihitaji ushahidi, na ushahidi ulitoka kwa panya. Kikundi kimoja cha Philadelphia kilichukua ngozi ya panya mzima na kuishona juu ya panya aliyenyimwa ABCC6. Ngozi ile, isiyo na kasoro yoyote ya kurithi, ikaanza kushika madini. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2009. Mwaka uliofuata waliwaunganisha panya wawili, mzima na mgonjwa, wakashiriki mzunguko mmoja wa damu, na tishu za yule mgonjwa zikaacha kuota madini. Kilichokosekana kwake kilikuwa kimo ndani ya damu ya mwenzake. Ngozi haikuwa na hatia.

Mwaka 2013, huko Amsterdam, Robert Jansen, Koen van de Wetering na wenzao walikitaja kitu chenyewe. Seli zenye ABCC6 hutoa ATP nje, ile molekuli ambayo kila mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kuwa ni sarafu ya nguvu ndani ya seli. Ikifika nje, kimeng'enya kiitwacho ENPP1 huikata, na kipande kimojawapo ni pirofosfeti. Kwa wenye PXE pirofosfeti katika plazma ilikuwa pungufu sana. Mwaka 2014 walionyesha kuwa ini ndilo chanzo kikuu cha pirofosfeti inayozunguka katika damu. Vipande vikakaa mahali pake, pamoja na kimoja kilichokuwa kikisubiri tangu 2003: watoto wachanga wenye hitilafu katika ENPP1, ambao mishipa yao hujaa kalsiamu mapema na wengi wao hufa ndani ya miezi sita ya kwanza. Ni mnyororo mmoja uliokatika mahali tofauti.

*

Sasa nirudi kwenye aibu yangu.

Wiki ya pili ya mafunzo yangu nilitoa damu ya watu sita, nikapanga vichupa mezani, nikaenda kupanga foleni ya mashine ya kuizungusha. Foleni ilikuwa ndefu. Nikatoka kula. Niliporudi damu ilikuwa imeganda katika vichupa viwili nilivyosahau kuvitikisa ili dawa ya kuzuia kuganda ichanganyike. Nikajipa moyo: majimaji yapo juu, nitayapima hayo.

Mwalimu wangu alinyanyua kichupa kimoja kwenye mwanga.

"Shikamoo Mwalimu, nilikuwa nataka..."

"Marahaba. Hii ni nini?"

"Ni plazma."

"Hii ni habari ya kichupa. Mgonjwa hakusema hivi."

Kisha akanieleza kwa subira. Damu ikiganda, chembe sahani hupasua mifuko yake na kumwaga vilivyomo, na miongoni mwa vilivyomo kuna pirofosfeti tele. Ndiyo maana akina Russell waliikuta nyingi katika seramu. Ukitaka kuipima pirofosfeti ya mtu, uitoe damu bila kuikera, uitie dawa mara moja, uiweke kwenye baridi, uizungushe, kisha uichuje ili chembe sahani zisibaki. Ukizembea hatua moja, mgonjwa wa PXE atasomeka mzima. Kipimo chenyewe ni kidogo hivyo, na kelele inayoweza kukizima imo katika damu ile ile.

Tangu siku hiyo sisomi jedwali la vipimo vya damu bila kujiuliza nani alikwenda kula.

*

Kila kitu kinachopimika hugeuzwa haraka kuwa utabiri. Kabla ya pirofosfeti kulikuwa na fetuini-A, protini itokayo ini ambayo hubeba kalsiamu na fosfeti katika chembechembe ndogo zisigande. Mwaka 2006 watafiti wa Ujerumani waliripoti kuwa ilikuwa chini kidogo kwa wenye PXE. Baadaye kikaja kipimo cha kuangalia muda ambao seramu ya mtu inaweza kuvumilia kabla chembechembe hizo hazijageuka kuwa fuwele. Vyote hivi ni viashiria, kila kimoja kikitazama kizuizi kutoka dirisha lake.

Lakini kiashiria kinachosema mtu ana ugonjwa si lazima kiseme utamfanya nini. Pirofosfeti hutofautisha vizuri kundi la wagonjwa na kundi la wazima. Ndani ya kundi la wagonjwa wenyewe, kiasi chake hakijaonyesha uhusiano imara na ukali wa ugonjwa. Ndugu wawili wenye mabadiliko yale yale ya jeni wanaweza kuzeeka tofauti, mmoja akisoma gazeti na mwingine akishikwa mkono kuvuka barabara.

Na dawa? Mwaka 2018 madaktari wa Utrecht, Uholanzi, walitoa matokeo ya jaribio la mwaka mmoja kwa wagonjwa 74. Nusu walipewa etidroneti, dawa ya ukoo ule ambao Fleisch aliusaidia kuzaliwa kwa kuiga umbo la pirofosfeti. Kipimo kikuu cha jaribio hakikuonyesha tofauti ya kutosha. Lakini kalsiamu katika mishipa ilipungua kwa asilimia 4 kwa waliopewa dawa, ikaongezeka kwa asilimia 8 kwa waliopewa vidonge vitupu, na matatizo ya retina yakawa machache zaidi upande wa dawa. Ni habari njema ya aina inayotakiwa kusomwa taratibu.

*

Nilipokwenda nyumbani likizo nilikuwa na karatasi kumi na mbili za maelezo. Kaka aliziweka chini ya kikombe chake.

"Niambie kitu kimoja tu. Kuna kipimo cha damu cha kuniambia nitapofuka au sitapofuka?"

Nikaanza kumweleza kuwa yeye hana PXE, kwamba jeni lake la ABCC6 huenda halina neno, kwamba katika panya wenye thalasemia, ugonjwa mwingine wa kurithi wa damu, utafiti wa mwaka 2011 ulikuta ABCC6 imefifia kwenye ini bila jeni lenyewe kuharibika, na kwamba kwa hiyo damu inayougua inaweza kuligusa ini, na ini likaligusa jicho.

"Mdogo wangu."

"Hakuna, kaka. Hakipo."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyelipwa deni dogo. Kisha akaniuliza juu ya Doyne, maana nilikuwa nimemtaja. Yule aliyedhani ni ngumi. Nikamwambia hakukosea kabisa: kipigo hakileti mistari, lakini jicho lenye mistari likipigwa, hata kidogo, utando ule hupasuka zaidi na damu huweza kuvuja chini ya retina. Ndiyo maana daktari alimkataza kudaka. Kaka amekuwa golikipa wa timu ya mtaani tangu akiwa kijana, kila mwili ulipomruhusu, na watu wa mtaa hawamjui kwa selimundu, wanamjua kwa penalti aliyoipangua kwa kifua mbele ya watu wote.

"Kwa hiyo Mzungu wa mwaka 1889 ndiye amenitoa golini," akasema.

Glavu zake amempa mtoto wa jirani. Ukutani kwake, karibu na swichi ya taa, amebandika karatasi aliyopewa kliniki, yenye miraba myeusi na nukta katikati. Kila asubuhi huziba jicho moja na kutazama ile nukta, halafu la pili. Siku mistari ikionekana imepinda, aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kesho.

Huwa ananitumia ujumbe kabla sijafika maabara. Ni neno moja, na ndilo ninalolisoma kwanza: "Imenyooka."